Gari la Marehemu Baba Mkwe: Mama Aomba Ufunguo

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, au ulilikuta dukani limeshafungiwa misumari, kaa hapa nikukumbushe. Nitafupisha, maana haya yanayonihusu hata mimi mwenyewe sipendi kuyasikia marefu.

Mimi ni fundi wa mageti. Nachomelea mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na mara mojamoja kizimba cha kuku. Siku moja, bila kutumwa na mtu, nikaamua kulijenga upya kwa mikono yangu gari la marehemu baba mkwe. Gari la zamani, milango miwili, taa za mviringo, mgongo kama wa kobe. Lenyewe liliuzwa kabla sijaenda kuposa, na hakuna anayejua liliishia wapi. Kilichobaki ni picha moja ukutani: mzee amesimama mbele ya gari, mkono mmoja kwenye boneti, miguu imeziba namba.

Vipimo vyote nilivitoa kwenye picha hiyo. Nilipiga hesabu kwamba nikiupata urefu wa mguu wa mzee, nitaupata urefu wa gari. Ndipo nikakamatwa chumbani kwa mama mkwe, mchana kweupe, nikiipima suruali ya marehemu kwa futi kamba. Hayo mliyasoma.

Kisha ikaja kujulikana kwamba shemeji, kaka yake mke wangu, aliwahi kuipunguza suruali ile ili aivae kwenye harusi. Kwa hiyo gari likatoka fupi, na aliyekaa ndani alilazimika kuzungumza na magoti yake. Nikakata paa, nikalinyanyua. Hayo nayo mliyasoma, na wengine mliniandikia kunicheka. Barua zenu nimezipata.

Sasa tuendelee pale shemeji aliposimama mlangoni mwa banda langu, mikono kiunoni, akiangalia nafasi ambayo gari limeikalia kama mtu anayeangalia kiti chake kilichokaliwa na mwingine.

"Jumapili mama anakuja kuliona," alisema. "Akisema ni gari la baba, libaki, hata mimi nitakunyamazia. Akisema silo, Mizani analichukua siku hiyohiyo, na hapa napandisha vyumba vya kupangisha."

"Mama mwenyewe kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Mbele ya dada."

Mizani ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Jina lake la kweli silijui. Hatembei bila mizani yake, na watu husema hata ukimsalimia anaipima salamu kabla ya kuijibu.

Niwaeleze kwa nini maneno ya shemeji yalinikata maini. Uwanja ni wa mama mkwe, banda ni la mama mkwe, na nyumba ya nyuma tunayoishi mimi na mke wangu ni ya mama mkwe. Yeye anaishi nyumba ya mbele. Na tangu nimuoe binti yake, mama huyu hajawahi kusema na mimi.

Si kwamba ana kisirani. Anasema kuhusu mimi, mbele yangu, kupitia mke wangu. Tukiwa mezani watatu, chumvi iko mkononi mwangu, atamgeukia binti yake: "Mwambie mumeo anipe chumvi." Mimi nasikia, natoa chumvi. Anaipokea, anamshukuru binti yake.

Wakwe wengine huwaita wakwe zao wa kiume mwanangu, baba, hata bwana mkubwa. Mimi huitwa mumeo. Nilipoanza kugonga mabati, siri yangu ilikuwa ni hiyo tu: aingie kwenye gari lile, akae, afurahi, na aniite mwanangu mara moja. Mtu mzima mwenye ndevu nilijenga gari zima kwa ajili ya neno moja. Chekeni, lakini ndiyo hali halisi.

*

Jumamosi jioni mke wangu alikuja bandani na kikombe cha chai. Alilizunguka gari polepole, akapitisha kidole kwenye kiungo cha mlango, nilichokisugua kwa msasa mpaka hakionekani.

"Limependeza," alisema. "Sikutegemea."

"Ahsante."

"Limekamilika?"

Hapa ndipo nitoe la moyoni, maana kila kilichotokea baadaye kilizaliwa na jibu nililompa.

"Limekamilika," nikamwambia. "Rangi tu kidogo pale nyuma."

Rangi ilikuwa haina tatizo lolote. Kilichokosekana kilikuwa breki.

Pedali ya breki ilikuwepo. Pedali nzuri sana, nimeivalisha mpira mpya. Nyuma ya pedali hakukuwa na kitu. Pampu ya breki niliyoletewa ilikuwa ya gari jingine, haikukubali kukaa, nikairudisha, na aliyeipokea akaniambia nisubiri. Breki ya mkono nayo ilikuwa kipini tu, kikipanda na kushuka vizuri.

"Na linawaka?" mke wangu akauliza.

"Linawaka."

Liliwahi kuwaka. Injini ni ya pikapu ya muuza maziwa, na Jumatano iliwaka vizuri tu, ikanguruma mpaka mabati ya banda yakacheza. Alhamisi ikagoma. Ijumaa ikagoma. Jumamosi nzima niliisafisha, nikaibembeleza, nikaitukana, ikagoma.

Mke wangu alinywa chai niliyodhani kaniletea mimi. "Mume wangu," alisema, "mama akikwambia silo, utafanya nini?"

"Hawezi kuniambia. Hasemi na mimi."

"Basi akiniambia mimi?"

Nikaokota msasa, nikasugua palipokwisha kusuguliwa. Alinigusa bega, akaondoka na kikombe chake. Mlangoni akageuka.

"Na lile geti utalitengeneza lini?"

Geti la uwanja wetu limeshikiliwa na waya tangu bawaba zilipokufa. Mimi ndiye fundi wa mageti wa mtaa mzima. Geti la mkunga, geti la muuza dawa, geti la shule, yote kazi yangu. Langu linafungwa kwa waya. Mganga hajigangi.

"Wiki ijayo," nikasema. Huo nao ulikuwa uongo, lakini wa kawaida.

*

Jumapili asubuhi tulilisukuma gari kutoka bandani mpaka katikati ya uwanja, mimi, mke wangu na shemeji, ambaye alisukuma kwa kidole kimoja. Uwanja wetu unainamia getini, si sana, kiasi cha maji ya mvua kujua njia. Nililisimamisha likitazama geti, ili mama akitoka nyumba ya mbele alikute usoni kama kwenye picha.

Magurudumu ya mbele nikayawekea matofali mawili. Kisha nikaingia ndani nikaliweka kwenye gia ya kwanza. Gari lisilo na breki hulazwa kwenye gia. Injini yenyewe inalishika. Kila fundi analijua hilo, na ndiyo maana halisemwi.

"Mbona matofali?" shemeji akauliza.

"Kulipamba," nikasema.

Mizani alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amekaa juu ya mizani yake, mkokoteni pembeni, anakula karanga.

"Fundi," aliniita, "bampa ni chuma kitupu au bati?"

"Kwani umeuziwa?"

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga."

"Chuma kitupu."

"Safi," akasema, akatema ganda. "Hongera."

Kabla hatujamfikia mama kuna jambo moja nilisahau kuwaeleza. Usukani wa gari hili niliuweka kushoto. Magari yote ya nchi yetu yana usukani kulia, ila kwenye picha ya mzee unaonekana kabisa kushoto, na mimi nilifuata picha. Shemeji aliwahi kuniuliza. Nilimjibu kwamba magari ya enzi zile mengi yaliletwa kutoka nje vilevile yalivyo. Niliongea kwa sauti ya chini, na anayeongea kwa sauti ya chini huaminiwa. Mke wangu naye hakuwa shahidi: gari lilipouzwa alikuwa mdogo, anachokumbuka ni harufu ya viti na visogo vya wazazi wake.

Kumuuliza mama mwenyewe kusingewezekana. Kwanza hasemi na mimi. Pili, baada ya mambo ya suruali, hata mke wangu aliogopa kulitaja gari mbele yake.

*

Mama alitoka amevaa gauni la kutokea na mkoba mkononi. Nikauona mkoba. Mtu hachukui mkoba kwenda kuangalia kitu uani kwake. Mtu huchukua mkoba akiwa na safari.

Alisimama mbele ya gari. Akaitazama taa ya kwanza, akaitazama taa ya pili. Akainama kidogo, mkono mgongoni. Akaweka kiganja kwenye boneti, palepale mzee alipokuwa ameweka chake.

Mizani aliacha kutafuna.

"Mwambie mumeo," mama alisema taratibu, "taa kazipatia."

"Mama anasema taa umezipatia," mke wangu akaniambia. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwao.

"Mwambie mama nashukuru," nikasema.

"Mwambie, na huu mgongo pia. Baba yenu alikuwa akiupangusa kwa shati lake. Nikifua, nalaumiwa mimi kwa nini shati jeusi."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mke wangu akajifuta macho kwa mkono wa blauzi, na mimi nikatazama matofali yangu, maana ningemtazama tungelia wote wawili. Hata shemeji alikohoa. Nilijua nimeshinda. Nilijua kwa uhakika uleule niliokuwa nao nilipopima suruali.

Mama akalizunguka gari kwa mwendo wa mtu anayekwenda chumbani kwake gizani, bila kuangalia chini. Akafika mlango wa kushoto, akaufungua, akakunja gauni, akaingia, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Kisha akainua macho.

"Hiki ni nini?"

"Usukani, mama," mke wangu akajibu.

"Najua ni usukani. Unafanya nini upande wangu?"

Nadhani ndege walinyamaza. Inawezekana pia ni masikio yangu yaliyoziba.

"Mama, huo ndio upande wake," nilisema, nikasahau kwamba hatusemezani. "Kwenye picha..."

"Ileteni picha."

Shemeji aliikimbilia. Sijawahi kumwona akikimbia kwa furaha vile. Mama aliipokea, akaifuta kioo kwa kiganja, akamwonyesha binti yake.

"Baba yako kavaa saa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Umewahi kumwona na saa mkono wa kulia?"

Mke wangu akafikiri. Nikaona uso wake unashuka. "Alivaa kushoto," alisema. "Alikuwa akinifundisha kusoma saa, nakaa goti la kushoto."

"Na mfuko wa shati?"

Mfuko wa shati ulikuwa kulia. Vifungo navyo vilipishana kike.

"Picha hii iligeuzwa," mama akasema. "Mpiga picha aliiweka filamu kinyume wakati wa kuisafisha. Alikuja hapa, kofia mkononi, akaomba radhi, akaahidi kuleta nyingine, akahama mji. Baba yenu akasema tuiache, upande huu kitambi hakionekani."

"Mama, ulijua siku zote?"

"Sasa mimi nisijue? Nilikuwepo." Akampa binti yake picha. "Mwambie mumeo, anayetaka kulijua gari la mume wangu anamuuliza mjane. Hamuulizi suruali."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," nikasema.

Niliichukua ile picha mikononi. Nilikuwa nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, kwa rula, kwa bikari, asubuhi na jioni. Kila msumari wa gari lile naujua. Mwenye gari sikuwahi kumtazama hata siku moja. Kwangu alikuwa futi kamba iliyosimama. Saa iko mkono usio wake, mfuko usio upande wake, vifungo kama vya mkewe, na mimi nahesabu nati za rimu. Nilijisikia mpumbavu, halafu nikajisikia vibaya zaidi ya mpumbavu, kwa sababu marehemu alikuwa baba wa mke wangu na nilikuwa nimeishi naye ukutani bila kumjua.

Kila kitu nilichokijenga kilikuwa kinyume. Kifuniko cha mafuta, kinyume. Bomba la moshi, kinyume. Nilikuwa nimejenga gari la kwenye kioo.

"Basi," shemeji akasema, akapiga kofi moja. "Silo. Mama kasema mwenyewe. Mizani, sogeza mkokoteni."

Mizani akasimama kutoka kwenye mizani yake, nayo ikalia. Akaligonga gari kiunoni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tutalikata vipande vitatu," alisema. "Fundi, una gesi au nilete yangu?"

Nasema wazi, nilitaka kulia. Nilimtafuta mke wangu kwa macho, na yeye alikuwa akinitazama kwa namna ambayo hakuna lawama ndani yake, na hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa.

"Mama, shuka basi," shemeji alisema. "Tunataka kulisogeza."

Mama hakushuka.

"Mama?"

"Nani kakwambia nashuka?"

Alikuwa ameuweka mkono mmoja kwenye usukani. Akauweka na wa pili. Niliushona ngozi ule usukani mwenyewe, uzi kwa uzi, na sasa niliona vidole vyake vinaufuata ule uzi polepole.

"Nimepanda gari la baba yenu mpaka siku lilipouzwa," alisema. Hakuwa anasema na mtu. "Kila siku upande huu, mikono mapajani. Akikaribia kona, mimi nakanyaga sakafu. Mguu wenyewe tu unakanyaga. Anacheka, ananiambia, kanyaga mke wangu, kanyaga, huenda likasimama. Nikamwambia anifundishe kuendesha. Akasema mwaka ujao. Ukifika, mwaka ujao."

"Baba alikuwa anaogopa utaligonga," shemeji akasema.

"Aliligonga yeye. Mara nne."

Shemeji akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa leo," mama akaendelea, "nimekaa upande wangu, na usukani umenifuata. Halafu mnaniambia nishuke."

Alitazama mbele, kwenye kioo, kwenye uwanja wake, kwenye geti letu la waya. Alikuwa amenyooka kama bibi harusi. Sijawahi kumwona mzuri vile, na namwambia hivi kila msomaji ambaye ana mama mkwe: mtazameni.

"Mwambie mumeo alete ufunguo."

Mke wangu akanigeukia. Shemeji akanigeukia. Mizani naye, ambaye hayamhusu, akanigeukia.

Naomba hapa mnielewe. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Injini ilikuwa imegoma siku tatu. Kumpa mama ufunguo, kwa hesabu zangu, kulikuwa sawa na kumpa kijiko: ataushika, atauzungusha, gari litakohoa, nitasema betri, tutacheka, pengine atanionea huruma. Kumnyima kungekuwa kumwambia kwamba nilidanganya, limekamilika halijakamilika, linawaka haliwaki. Na alikuwa hajawahi kuniomba kitu chochote isipokuwa chumvi.

Niliutoa. Nikapita mbele ya gari, nikafika dirishani kwake. Kioo cha dirisha kilikuwa bado hakijawekwa, kwa hiyo nikaupitisha moja kwa moja mkononi mwake.

Hesabu zangu hazikumhesabu shemeji. Nikiwa upande wa dirisha, yeye alikuwa mbele, chini, upande wa pili. Mapambo yangu mawili yalikuwa yanamsumbua. Alitaka Mizani akishaleta mkokoteni gari lisukumike kwa urahisi. Tofali la kwanza alilitoa kwa mkono, la pili alilipiga teke. Haya nimeyajua baadaye, kutoka kwa Mizani, ambaye aliona yote na hakusema kitu, kwa kuwa hakuulizwa.

Mama akaingiza ufunguo.

"Mama, subiri, liko kwenye..." nikaanza.

Akauzungusha.

Injini ambayo ilinigomea mimi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, ilimwitikia mama mara moja. Vyuma navyo vina adabu kwa wakubwa.

Gari likaruka mbele. Likaruka tena. Kisha likaamua, likaondoka.

"Linakwenda!" mke wangu akapiga kelele, kwa furaha. Kwa furaha! Kwa nini asifurahi? Nilimwambia limekamilika.

Shemeji alikaa chini bila kupenda. Gari lilimpita karibu, likaikanyaga mizani ya Mizani, na mshale wake ukazunguka mpaka ukachoka. Likafika getini. Geti halikuleta ubishi. Waya ulikatika kwa mlio mdogo, na kazi yangu ya mikono ikalala chini kwa heshima, mama akapita juu yake, akaingia barabarani.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Barabara yetu ni ndefu, na inateremka. Inaanzia getini kwetu, inapita kwa fundi cherehani, kwa kinyozi, kwa muuza dawa, inazidi kuinama, mpaka inapokutana na barabara kuu, ambako malori hupita bila kuangalia pembeni.

Nilikimbia. Nilikimbia kama sijawahi kula. Nyuma yangu nilisikia ndala za mke wangu, na nyuma yake magurudumu ya mkokoteni, maana Mizani ni mfanyabiashara na alishaona kazi inakuja.

Majirani walitoka nje. Kwa muda wote huo walisikia nyundo zangu, na leo waliliona gari lenyewe, linang'aa, bibi mmoja mnyoofu ndani yake na mkoba mapajani. Walipiga makofi. Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Fundi cherehani akanipigia saluti.

"Hongera, fundi!" alisema.

"Ahsante," nikasema, nikampita.

Mama aliushika usukani vizuri. Nasema kweli. Paka alikatiza, akamkwepa. Kwa kinyozi kuna shimo, akalizunguka. Miaka yote ile ya kukaa kando hakuwa amekaa bure, alikuwa anaendesha kwa macho. Na alikuwa anacheka. Kicheko cha msichana, hata sikukijua ni chake mpaka nilipolifikia lile dirisha lisilo na kioo, nikakamata ukingo wake kwa mikono miwili, nikawa nakimbia na gari bega kwa bega.

Kwa muuza dawa mteremko ukaongezeka. Nikasikia honi za malori kule chini. Mama naye alizisikia, maana kicheko kilikatika.

Akageuza uso. Akanitazama mimi. Hakumtafuta mke wangu, hakumtuma mtu. Macho yake yaliingia moja kwa moja kwenye yangu, kwa mara ya kwanza tangu nilipopiga hodi kwake kuposa.

"Mwanangu," alisema.

Nikaung'ang'ania ukingo wa dirisha.

"Mwanangu, breki ni ipi?"

Nilikuwa na muda wa kusema ukweli. Haukuwa mrefu, lakini ulitosha kusema "Mama, hakuna." Maneno mawili. Nilimwona ananingoja, kwa imani, kama mtu anavyomngoja mtoto wake wa kumzaa, na nikajua kwamba nikiyasema maneno hayo mawili, sitaitwa vile tena mpaka nife.

"Ya katikati, mama!" nikamwambia.

Akaikanyaga.